Gavana anaweza kuwekeana mkataba na nchi jirani? Jibu kutoka Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini

Swali la msomaji kutoka Homa Bay, Kenya: "Shikamoo mtaalamu. Nilikuwa mvuvi, sasa nasaidia BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo wetu. Nimesikia redioni kwamba magavana wa Marekani na viongozi wa Kanada walifunga mkataba wa kulinda maziwa yao, na kwamba mji mmoja ulihangaika miaka kupata maji kwa sababu ya mkataba huo. Inakuwaje gavana atie saini na serikali ya nchi nyingine? Hapa kwetu kila tukitaka kukaa na wenzetu wa Uganda au Tanzania tunaambiwa mambo ya nje ni ya Nairobi. Na je, mkataba wa namna hiyo una meno, au ni karatasi ya kupigia picha?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalokuuma. Mkataba ule una meno, ila hayako kwenye karatasi ambayo Wamarekani na Wakanada walitiliana saini mbele ya kamera. Yako kwenye sheria ambayo kila mmoja wao alirudi kwake akaitunga. Saini za pamoja ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Sheria za nyumbani zilichukua karibu miaka mitatu upande wa Marekani pekee, na humo ndimo nguvu yote ilimo.

Kwanza tujue tunazungumzia nani. Maziwa yenyewe ni matano: Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario, yanayomwaga maji yake baharini kwa Mto St. Lawrence. Wewe unayelijua Ziwa Victoria utapata picha nikikwambia kwamba Victoria, kwa upana, ni la pili duniani miongoni mwa maziwa ya maji baridi, na la kwanza ni hilo Superior. Kwa kina hayakaribiani hata kidogo: Victoria mahali penye kina kirefu hufika kama mita 80, Superior hupita mita 400. Maziwa hayo matano kwa pamoja yana karibu sehemu moja kwa tano ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia. Yamezungukwa na majimbo manane ya Marekani, ambayo ni Minnesota, Wisconsin, Illinois, Indiana, Michigan, Ohio, Pennsylvania na New York, na mikoa miwili ya Kanada, Ontario na Québec. Ninaposema mkoa, ndugu zangu wa Mwanza wasifikirie Mkuu wa Mkoa aliyeteuliwa na Rais. Mkoa wa Kanada una bunge lake, kodi zake na waziri kiongozi wake anayetokana na uchaguzi. Ni serikali kamili ndani ya serikali.

Sasa, gavana anaweza kutia saini na nchi nyingine? Katiba ya Marekani, Ibara ya 1, kifungu cha 10, inasema mambo mawili. La kwanza ni katazo lisilo na mlango: jimbo haliwezi kuingia katika mkataba wa kimataifa, muungano wala shirikisho. La pili ni katazo lenye mlango: jimbo haliwezi kufanya makubaliano na jimbo jingine wala na dola ya kigeni bila ridhaa ya Kongresi, yaani bunge la taifa. Na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, tangu kesi ya Virginia dhidi ya Tennessee mwaka 1893, imeusoma mlango huo kwa upole: si kila makubaliano yanahitaji ridhaa, ila yale yanayoliongezea jimbo nguvu za kisiasa kiasi cha kuingilia mamlaka ya taifa. Kwa hiyo maelewano ya kusaidiana, kupeana taarifa, kukutana na kupanga pamoja yanapita. Kinachofunga mikono ndicho kinachohitaji kupelekwa Washington.

Kanada nako hali inafanana, kwa njia nyingine. Serikali ya taifa ndiyo hutia saini mikataba ya kimataifa, lakini tangu uamuzi wa mahakama wa mwaka 1937 kuhusu mikataba ya kazi, imekuwa wazi kwamba jambo likiwa ndani ya mamlaka ya mkoa, ni bunge la mkoa tu linaloweza kuligeuza kuwa sheria. Ottawa inaweza kuahidi, lakini Québec isipotunga sheria, ahadi inabaki hewani. Hapo ndipo mikoa inapopata sauti hata katika mambo yanayovuka mpaka.

Watu wa maziwa hayo hawakufika walipofika kwa mara ya kwanza. Mwaka 1909 Uingereza, kwa niaba ya Kanada, ilifunga na Marekani mkataba wa maji ya mpakani, ikaundwa tume ya pamoja yenye makamishna sita, watatu kila upande. Ipo hadi leo na inafanya kazi nzuri. Ila ni tume ya mataifa, kama Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko hapo Kisumu ilivyo ya nchi za Afrika Mashariki. Gavana hana kiti. Tena Ziwa Michigan, kwa kuwa lote limo ndani ya Marekani, halikuhesabiwa kuwa maji ya mpakani, ingawa maji yake na ya Huron ni maji mamoja yanayopita kwenye mlango-bahari mmoja. Mchoraji wa mpaka aliona mstari, maji hayakuuona.

Mwaka 1955 majimbo yakajaribu njia yao. Yaliandika mkataba wa bonde, yaani eneo lote ambalo maji yake hutiririkia maziwa hayo, na kuunda Kamisheni ya Maziwa Makuu, ambayo makao yake yako Ann Arbor, Michigan, na ndani yake yakaweka nafasi kwa Ontario na Québec kuwa wanachama kamili. Kongresi iliketi na karatasi hiyo hadi mwaka 1968. Ilipotoa ridhaa, iliyafyeka maneno yanayoipa mikoa ya Kanada uanachama. Ilibidi mikoa ingoje hadi mwaka 1999 kuingia, tena kama washirika wasio na kura. Nakueleza hili, ndugu yangu, ili usidhani wenzetu wana serikali kuu zisizo na wivu. Kila serikali kuu duniani huogopa kuona mtoto wake akizungumza na jirani dirishani.

Fundisho walilolipata ni kutofautisha ahadi na sheria. Mwaka 1985 magavana wote wanane na mawaziri viongozi wawili walitia saini hati waliyoiita Mkataba wa Maziwa Makuu. Haikuwa sheria, ilikuwa ahadi ya nia njema: anayetaka kuidhinisha uchotaji mkubwa wa maji awape wenzake taarifa na awasikilize. Mwaka uliofuata Kongresi iliongeza upande wake, ikampa kila gavana wa bonde haki ya kuzuia maji yasipelekwe nje. Lakini haikuandika kipimo chochote. Gavana angeweza kusema hapana kwa sababu yoyote, au bila sababu, na Wakanada hawakutajwa.

Kisha ikaja meli. Mwaka 1998 kampuni ndogo ya mji wa Sault Ste. Marie, upande wa Ontario, ilipewa na wizara ya mkoa kibali cha kuchota maji ya Ziwa Superior na kuyapeleka Asia kwa meli za tangi. Kiwango kilikuwa hadi lita milioni 600 kwa mwaka. Ukipima na ukubwa wa ziwa, hilo ni tone. Lakini watu wa pande zote mbili za mpaka walishtuka mno, kwa sababu waligundua kwamba hakukuwa na kitu cha kuzuia meli ya pili, wala ya mia. Kibali kilifutwa.

Wakaitwa wanasheria, na hapa naomba unisome taratibu, maana hili ndilo wengi hulikosa. Wanasheria waliwaambia magavana: mkisema tu "maji yetu hayatoki", mtashindwa. Sheria za biashara za kimataifa, na hata Katiba ya Marekani yenyewe, hazikubali umbague mnunuzi wa nje huku wewe mwenyewe unachota utakavyo. Mnaweza kuyalinda maji kwa hoja ya uhifadhi pekee, na hoja ya uhifadhi haisimami kama hamjihifadhi nyinyi wenyewe kwanza. Ukitaka kumzuia mgeni asichote kisimani kwako, wewe usiwe unamwagia maji barabarani kupooza vumbi.

Kulikuwa na hofu nyingine iliyosemwa kwa sauti ya chini. Majimbo ya kusini na magharibi, yenye joto na ukame, yalikuwa yakiongezeka watu, na kila sensa ilipopita majimbo ya maziwa yalipoteza viti kwenye Baraza la Wawakilishi. Magavana walijua kwamba sheria ya kulinda maziwa ingepita wakati wao bado wana kura za kuipitisha. Wakikawia, wenye kiu ndio wangekuwa wengi.

Basi, baada ya ahadi ya awali iliyotiwa saini Niagara Falls mwaka 2001 na rasimu zilizochanwachanwa na wananchi mwaka 2004, walikutana Milwaukee tarehe 13 Desemba 2005. Walipofika mezani hapakuwa na karatasi moja. Zilikuwa mbili.

Ya kwanza iliitwa Makubaliano, na ilitiwa saini na wote kumi: majimbo manane na mikoa miwili. Hii ni ahadi ya nia njema kati ya serikali za nchi mbili, haikupelekwa Kongresi kuombewa ridhaa. Ya pili iliitwa Mkataba wa Majimbo, na ni ya Wamarekani wanane peke yao. Yaliyomo yanalingana: maji hayatolewi nje ya bonde isipokuwa kwa visa vichache vilivyotajwa, kila mmoja ataandikisha wachotaji wakubwa, kila mmoja atakuwa na mpango wa kutumia maji kwa uangalifu, na maji yakitoka lazima yarudi. Lakini Mkataba wa Majimbo ulitakiwa kupitishwa neno kwa neno na mabunge yote manane, kisha Kongresi, kisha Rais. Mikoa ya Kanada nayo ikaenda kutunga sheria zake: Ontario mwaka 2007, Québec mwaka 2009. Kwa njia hiyo Mkanada hafungwi na sheria ya Marekani, Mmarekani hafungwi na ya Kanada, na mto ukivuka mpaka unakutana na sheria ileile imevaa nguo tofauti.

Mabunge manane, neno kwa neno! Aliyewahi kuketi kwenye bunge la kaunti anajua maana yake. Minnesota ilitangulia mapema mwaka 2007. Ohio kulikuwa na wabunge waliohofia kwamba visima vya wakulima vingegeuzwa mali ya umma, na hawakutulia hadi likakubaliwa pendekezo la kuongeza kifungu katika katiba ya jimbo kulinda haki ya mwenye shamba juu ya maji yaliyo chini ya ardhi yake; wananchi walilipigia kura Novemba 2008. Mabunge ya mwisho yalimaliza kuupitisha mkataba Julai 2008. Seneti ya taifa ikapitisha Agosti, Baraza la Wawakilishi Septemba, Rais Bush akatia saini tarehe 3 Oktoba 2008, na Desemba mwaka huohuo ikaanza kutumika. Kwangu mimi, mwendo ule wa bunge hadi bunge ndio ushirikiano wenyewe. Mkutano wa Milwaukee ulikuwa ni posa tu.

Sasa nikupeleke kwenye mji uliousikia redioni. Unaitwa Waukesha, uko Wisconsin, una watu kama 70,000, na uko umbali wa kilomita 27 hivi kutoka Ziwa Michigan. Ungedhani ni mji wa ziwa. La. Mstari unaogawa maji unapita karibu sana na ziwa upande ule, na Waukesha iko nje yake kidogo tu. Mvua inayonyesha Waukesha huenda Mto Mississippi na kuishia Ghuba ya Mexico, mbali kabisa. Zamani mji huo ulisifika kwa chemchemi, watu wakisafiri kutoka mbali kuja kunywa maji na kupumzika. Mwaka 1892 wakazi wake walitoka na silaha kuzuia bomba ambalo lingepeleka maji ya chemchemi zao Chicago kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia. Walikuwa wanajua thamani ya maji tangu hapo.

Karne moja baadaye visima vyao virefu vilikuwa vimeshuka sana, na maji yaliyobaki yalikuwa na radiumu, madini yenye mionzi, kupita kiwango kinachoruhusiwa. Mji ukaomba maji ya Ziwa Michigan. Kwa kuwa kaunti yake imekalia mstari, sehemu ndani ya bonde na sehemu nje, sheria ilimpa nafasi ya kuomba, ila kwa masharti magumu: athibitishe hana chanzo kingine cha maji kinachofaa, apunguze matumizi kwanza, na arudishe maji ziwani baada ya kuyasafisha. Na ombi lake liende mbele ya majimbo yote.

Utaratibu ulikuwa hivi. Chombo cha kanda, chenye wajumbe kumi wakiwemo Ontario na Québec, kilipitia ombi, kikafanya kikao cha wazi hukohuko Waukesha Februari 2016, na kupokea maoni zaidi ya 11,000. Mji uliomba galoni milioni 10.1 kwa siku, kama lita milioni 38. Wakanada na baadhi ya majimbo walisema eneo mnalotaka kulihudumia limenyooshwa hadi kwenye vitongoji visivyo na shida yoyote ya maji. Eneo likakatwa, kiasi kikashushwa hadi galoni milioni 8.2, kama lita milioni 31. Mwezi Mei chombo kikatoa tamko lake. Tarehe 21 Juni 2016 Baraza la Mkataba, ambalo ni la magavana wanane peke yao, lilipiga kura. Gavana mmoja tu akisema hapana, ombi linakufa. Wote walisema ndiyo.

Maji yalianza kutiririka Oktoba 2023, miaka saba baada ya kura. Waukesha inayanunua kutoka Milwaukee, inayatumia, inayasafisha, kisha inayasukuma kwa bomba refu hadi Mto Root, unaoyarudisha Ziwa Michigan. Mradi ulikadiriwa kugharimu dola milioni 286. Mwenye nyumba wa Waukesha analipia gharama hiyo kwenye bili yake ya maji kila mwezi. Uliuliza kama una meno? Muulize huyo.

Hata hivyo yako mapengo, na sitakuficha. Mkataba unasema maji yakiwekwa katika chombo kinachozidi galoni 5.7, zaidi kidogo ya lita 20, yanahesabiwa kuwa yamehamishwa nje ya bonde. Chini ya hapo, kila jimbo lijiamulie. Fikiria dumu la lita 20, lile unalobeba ufuoni kila siku: ndilo mstari kati ya biashara halali ya maji ya chupa na kosa. Meli ya tangi imekatazwa, lakini lori la chupa ndogo linapita. Wengi waliona, na mimi naona, kwamba huo ni upenyo ulioachwa kwa makusudi ili kampuni za chupa zisiupinge mkataba. Chicago nayo iko nje ya mkataba. Mji huo uligeuza mwendo wa mto wake mwaka 1900 ili maji taka yasiende ziwani, na tangu hapo unatoa maji ya Ziwa Michigan kuelekea Mississippi, kwa kiwango kilichowekwa na Mahakama ya Juu mwaka 1967. Kugusa jambo hilo kungevunja mazungumzo yote, basi wakaliacha.

Pengo linaloniuma zaidi ni la watu wenyewe. Mataifa ya wenyeji wa asili, waliokuwa wakivua kwenye maziwa hayo kabla ya Marekani wala Kanada kuwapo, hayakuwa miongoni mwa waliotia saini. Yanashauriwa, hayapigi kura. Na Ontario na Québec, ingawa hutoa maoni kwenye chombo cha kanda, hazina kura katika Baraza linaloamua. Mwaka 2015 chama cha magavana kilibadilishwa jina na muundo, mawaziri viongozi wakawa wanachama kamili pamoja na magavana. Ni heshima nzuri. Kura ya Waukesha mwaka uliofuata bado ilikuwa ya wanane.

Usidhani kwamba kila ushirikiano wa aina hii ni mzito kama huo. Mwingine ni mwepesi na unafanya kazi vizuri kwa sababu ya wepesi wake. Majimbo ya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na mikoa ya mashariki ya Kanada yamekuwa yakikutana tangu mwaka 1973. Dhoruba ya barafu ya Januari 1998 ilipoangusha nyaya za umeme pande zote mbili na kuwaacha mamilioni gizani, baadaye walikubaliana jinsi ya kusaidiana kwenye maafa: nani anamlipa fundi wa umeme aliyevuka mpaka, nani anawajibika akiumia, leseni yake inatambuliwa vipi. Kongresi ilitoa ridhaa mwaka 2007 tu. Kuna pia ghuba ya Missisquoi, pembe ya Ziwa Champlain, ambako samadi na mbolea za mashamba ziligeuza maji kuwa kijani kibichi. Mwaka 2002 Vermont na Québec ziligawana mzigo wa kupunguza fosforasi: Vermont asilimia 60, Québec asilimia 40. Maji ya ghuba hayajapona kama ilivyotarajiwa. Lakini kila upande unajua sehemu yake, na hakuna anayeweza kumnyooshea mwenzake kidole bila kwanza kuonyesha hesabu zake.

Yuko pia California na Québec, wasiopakana hata kidogo, ambao tangu Januari 2014 wameunganisha masoko yao ya vibali vya kutoa hewa ukaa. Serikali ya taifa ya Marekani iliishitaki California mwaka 2019 ikidai imefanya mkataba wa kigeni kinyume cha katiba. Mwaka 2020 mahakama ya shirikisho iliipa California ushindi, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba kila upande una kanuni zake mwenyewe na unaweza kujitoa utakapo. Uhuru huo wa kujitoa ndio uliowaokoa mahakamani, na ndio udhaifu wao pia: Ontario ilijiunga na soko hilo Januari 2018, serikali ikabadilika baada ya uchaguzi, na katikati ya mwaka huohuo ikajitoa.

Turudi Homa Bay. Aliyekuambia mambo ya nje ni ya Nairobi hakukudanganya. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linaipa serikali ya taifa mambo ya nje na sera ya nje, na kwa kuongeza linataja matumizi ya maji ya kimataifa. Na kaunti haina mlango kama ule wa Kongresi ulioandikwa waziwazi kwenye katiba. Wenzetu wa upande wa pili nao hawalingani na gavana wako: Mkuu wa Mkoa wa Mara ameteuliwa na Rais, na mwenyekiti wa LC5 wa wilaya ya Uganda amechaguliwa lakini mamlaka yake ni ya wilaya. Usiwaambie watu wako kwamba tutaiga Amerika kama ilivyo. Viti havilingani.

Lakini tazama upande wa pili wa jedwali hilohilo, mambo ya kaunti. Utakuta uvuvi, huduma za maji safi na maji taka, utupaji taka, uhifadhi wa udongo na maji, vivuko na bandari ndogo. Hayo yote ndiyo yanayolichafua au kulisafisha ziwa. Na Ibara ya 189 inaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Jumuiya ya kaunti za kanda ya ziwa tayari ipo. Kwa hiyo nusu ya kazi waliyoifanya Wamarekani, ile nusu yenye meno, kaunti zinaweza kuifanya bila kuvuka mpaka: Homa Bay, Migori, Kisumu, Siaya na Busia zikatunga sheria moja, maneno yaleyale, kuhusu jambo moja, tuseme maji taka ya miji ya ufuoni au mahali vizimba vya samaki vinaporuhusiwa. Nusu ya mpakani, ile ya ahadi, ipitie Kamisheni ya Bonde, ambayo iko hapo Kisumu na ina itifaki ya mwaka 2003 iliyokwishatiwa saini na nchi zote tatu.

Nimesema jambo moja, na nalirudia kwa uchungu. Niliwahi kualikwa kutoa maoni juu ya rasimu ya maelewano ya ujirani mwema kati ya serikali ya eneo la ziwa na wenzao ng'ambo. Ilikuwa na mambo kumi na manne: utalii, michezo, uvuvi, afya, vijana, magugu maji, hadi utamaduni. Chakula kilikuwa kizuri na picha zilipendeza. Nilipouliza ni nani atakayeitisha kikao cha pili na kwa fedha za fungu gani, ukumbi ulinyamaza. Kikao hicho hakijaitishwa hadi leo. Wenzetu wa Maziwa Makuu walikuwa na jambo moja tu, kwamba maji yasitoke, na walikuwa na sekretarieti yenye watu wanaolipwa, anwani, na kabati la mafaili, miaka mingi kabla ya kuja ile meli.

Kwa hiyo ukikutana na mwakilishi wadi wako kabla ya bajeti, usimuulize lini gavana atakwenda Entebbe au Musoma. Muulize kama bunge la kaunti lina mswada wa maji taka ya ufuoni, kama Migori wana wa kufanana nao, na kama kuna shilingi yoyote iliyotengewa ofisi ya pamoja. Chukua na BMU za majirani zako, muende wengi. Akikuonyesha mswada, nitumie nakala. Nitausoma wote, na nitakuandikia mahali unapolingana na wa majirani na mahali unapopishana nao.